Wakili wa Mfanyakazi na Daftari la Kazi

Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mahoo



Sisi wa halmashauri tumeona yafaa mwaka huu, baada ya kusomewa hesabu za fedha, tuseme nanyi juu ya kazi ya wakili anayewatetea wafanyakazi. Twataka tueleze ametoka wapi, amepita njia gani hata akafika hapo alipo, na tena sisi wa Mahoo twapaswa kuwa na nini mikononi ili kazi yake itufae.

Sababu ya kuchagua neno hili mwaijua. Chama hiki kiliundwa kwa ajili ya kusaidiana katika ugonjwa, misiba na karo za watoto. Lakini mara nyingi taabu inayomleta mtu kwetu huwa imeanzia kazini. Karo haikulipwa kwa kuwa baba alisimamishwa kazi bila kuelezwa kosa. Mgonjwa hakupelekwa hospitali kwa kuwa mshahara wa miezi miwili haujatolewa. Tukiendelea kuchanga fedha za kufuta machozi tu, wala tusiulize machozi yameanzia wapi, tutachanga daima.

Kwanza twataka mjue hali ilivyokuwa kabla ya kuwako mtetezi. Mwaka 1906 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya mabwana na watumishi. Katika sheria ile, mtumishi aliyeacha kazi kabla ya kumaliza muda wake hakuhesabiwa kuwa amevunja mapatano tu, bali alihesabiwa mkosaji, akaweza kutozwa faini au kufungwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikaletwa kipande. Mwanamume Mwafrika alilazimika kukichukua kila aendako, na ndani yake mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi, siku ya kuacha, na mshahara. Katika mashamba ya mkonge, ambayo wilaya yetu yayajua vema, kuanzia Mwatate hata Taveta, kulikuwa na kadi ya siku 30: kibarua alihesabiwa siku alizomaliza kazi aliyopimiwa, na mshahara ulimngoja hata siku zile zitimie.

Fikirini jambo hili vema. Maandishi yalikuwako tangu zamani, na yalikuwa mengi. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa mwajiri peke yake. Mfanyakazi aliyachukua maandishi hayo shingoni mwake, wala hakuwa na neno lake hata moja ndani yake. Pakitokea ugomvi, karatasi ilisema upande mmoja.

Wazee wetu hawakunyamaza. Mwaka 1939 watu wa Milima ya Taita waliunda chama chao, Taita Hills Association, wakadai ardhi na kupinga kupunguzwa kwa mifugo yao. Mwaka 1940 serikali ikakipiga marufuku pamoja na vyama vingine viwili vya Kikuyu na Ukambani. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa muda wa siku 12, na katika siku zile bandari, reli na kazi za nyumbani zilisimama. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wao, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule akahamishiwa mbali, Kabarnet katika Baringo. Makhan Singh, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kupiga chapa cha baba yake na kuunda vyama vya wafanyakazi tangu 1935, alikamatwa mwezi wa Mei 1950 wala hakuachiliwa hata Oktoba 1961. Hawa walikuwa na moyo na walikuwa na watu. Jambo walilokosa ni sheria ya kuegemea na mahakama ya kuwasikiliza kama watu wenye haki.

Basi mawakili walitoka wapi? Mwataka kujua, maana wako wazazi hapa ambao watoto wao wasema watasoma sheria. Kwa sehemu kubwa ya siku za ukoloni hapakuwa na chuo hata kimoja cha sheria katika Afrika ya Mashariki, na serikali haikupenda kumpa Mwafrika wa Kenya msaada wa kwenda kusoma sheria ng'ambo. Walimu walitakiwa, na maafisa wa kilimo walitakiwa. Lakini mtu wa kusimama mbele ya jaji na kuuliza maswali hakutakiwa sana.

Hata hivyo wako waliopenya. Chanan Singh alikuwa mfanyakazi wa Reli kabla hajawa wakili. Baadaye akawa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na baada ya Uhuru akawa jaji wa Mahakama Kuu. Clement Argwings-Kodhek, mzaliwa wa Gem katika Nyanza, alisoma Makerere, kisha akaenda Uingereza, akawa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili. Aliporudi alitumikia ofisi ya sheria ya serikali, akakuta mshahara wa Mwafrika ni sehemu tu ya mshahara wa Mzungu mwenye kazi ile ile. Akaondoka, akafungua ofisi yake mwenyewe, na wakati wa Hali ya Hatari akawatetea watu walioshtakiwa kwa habari za Mau Mau. Alifariki mwaka 1969. Twawataja wawili hawa kwa sababu moja: kila mmoja alijua habari ya mshahara kwa kupokea mshahara, si kwa kusoma vitabu tu.

Baadaye milango ikafunguka. Mwaka 1961 masomo ya sheria yalianza katika chuo cha Dar es Salaam, na vijana wa nchi zetu tatu wakakaa darasa moja. Mwaka 1963 ikaanzishwa Kenya School of Law, na mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa na kitivo chake cha sheria. Siku hizi kijana husoma shahada kwa muda wa miaka minne, kisha huingia shule ile ya mawakili, hukaa miezi sita chini ya wakili mzoefu, hufanya mitihani, na mwisho huapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Njia ni ndefu na gharama si ndogo, lakini haipiti tena baharini.

Mahakama nayo ina historia yake. Mwezi wa Oktoba 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa kuongoza mambo ya kazi. Mwaka 1964 ikasimamishwa Mahakama ya Viwanda, na Saeed Cockar akawa mkuu wake wa kwanza. Kwa miaka mingi mlango wa mahakama ile ulikuwa zaidi mlango wa vyama: mashauri yaliletwa na chama kwa niaba ya wanachama wake. Wafanyakazi wa mkonge walikuwa na chama chao cha mashamba na kilimo, kilichoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha vyama vilivyotangulia. Lakini mpishi wa hoteli ndogo, mlinzi wa duka au msichana wa kazi za nyumbani hakuwa na wa kumsemea.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 2007, Bunge lilipotunga sheria mpya za kazi kwa pamoja, na zaidi mwaka 2010, Katiba ilipoandika katika kifungu cha 41 kwamba kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini. Mahakama ile ikapewa hadhi sawa na Mahakama Kuu, na tangu 2014 jina lake ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Sasa mtu mmoja, asiye na chama, aweza kuleta shauri lake. Tena, tangu mwaka 2018 mashauri ya watu ambao mshahara wao kwa mwezi hauzidi shilingi 80,000 yaweza kusikilizwa na mahakimu wa daraja la hakimu mkazi mwandamizi na waliozidi hapo. Kwa watu wengi wa Mahoo hii ina maana kwamba safari ya kutafuta haki haianzii lazima Mombasa wala Nairobi. Mahakama ya Taveta iko karibu nasi.

Hapo ndipo wakili wa mfanyakazi alipopata uwanja wa kazi yake. Twaomba kuwatolea mfano mmoja wa siku hizi. Mwezi wa Mei 1922 haukuwa na jambo kama hili, wala Mei 1962. Lakini Mei 2022, wakili Mercy Mutemi wa Nairobi alifungua shauri kwa niaba ya Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Kazi yake ilikuwa kutazama picha na maneno mabaya yanayotiwa katika mtandao wa Facebook, ili yaondolewe watu wengine wasiyaone. Aliajiriwa na kampuni ya Sama, iliyofanya kazi hiyo kwa ajili ya Meta, wenye Facebook. Alilalamika kwamba kazi ile iliumiza akili za watu, na kwamba aliachishwa kwa sababu ya kujaribu kuwaunganisha wenzake. Mwaka 2023 wafanyakazi wengine zaidi ya 180 wakaleta shauri lao pia.

Meta walijibu kwamba wao ni kampuni ya ng'ambo, hawana makao Kenya, na kwa hiyo mahakama ya Kenya haiwezi kuwaita. Mwezi wa Februari 2023 mahakama ikakataa hoja hiyo, na mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikashikilia kwamba mashauri yaweza kuendelea. Tusizidishe maneno: katika maamuzi hayo haikuamuliwa nani mwenye haki katika madai yenyewe. Kilichoamuliwa ni kwamba mlango haufungwi kwa kusema tu, “Mimi si mwajiri wako, nenda kwa yule aliyekuandika.”

Neno hilo la “mimi si mwajiri wako” je, ni geni kwetu? Kibarua wa hapa huchukuliwa barabarani na nyapara. Nyapara asema ametumwa na mkandarasi. Mkandarasi asema shamba si lake. Siku ya kuumia, kila mmoja amnyoshea mwenzake kidole. Wakili wa Nairobi aliyeuliza swali la “mwajiri ni nani?” alikuwa akiuliza swali ambalo kibarua wa Taveta ameliuliza siku nyingi bila kupata wa kumjibu.

Sasa tuje kwenye kazi ya wakili mwenyewe. Watu wengi hudhani kwamba kazi yake ni kusema sana. Sivyo. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuuliza na kuandika. Mtu akiingia ofisini mwake, atamwuliza: Ulianza kazi lini? Ulipewa barua? Nani alikupa amri? Ulilipwa kwa njia gani? Uliachishwa siku gani, kwa maneno gani, na nani alisikia? Kisha huyatia majibu yale katika mizani ya sheria.

Na mizani yenyewe ni hii, kwa maneno machache. Kazi ya miezi mitatu au zaidi yapaswa kuwa na mapatano ya maandishi, na mwenye wajibu wa kuyaandaa ni mwajiri. Akishindwa kuyaonyesha mahakamani, ni juu yake kukanusha yale ambayo mfanyakazi asema walipatana. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja haachwi kuwa kibarua wa kutwa milele. Mahakama yaweza kumhesabu kama mwajiriwa wa kawaida, mwenye haki ya notisi. Mwajiri atakaye kumwondoa mtu kwa kosa, au kwa mwenendo wake, au kwa udhaifu wa kazi, apaswa kwanza kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake amtakaye, na kumsikiliza. Asipofanya hivyo, kuachisha huko ni kwa dhuluma hata kama sababu ilikuwako. Fidia yaweza kufika mshahara wa miezi 12, mbali na notisi na likizo zisizolipwa.

Lakini yako mambo mawili ambayo wakili, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kuyafanya. Hawezi kuumba ushahidi ambao haupo, wala hawezi kurudisha siku zilizopita. Malalamiko ya kuachishwa kazi yaweza kupelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu. Shauri mahakamani ni lazima lifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu jambo lilipotokea. Baada ya hapo haki yaweza kuwa kweli tupu, na mlango umefungwa.

Wazee wetu, jambo hili twalisema kwa uchungu. Tumempokea katika ofisi hii mtu aliyelinda mali ya watu usiku kwa miaka mingi, akaambiwa asubuhi moja asirudi tena. Alingoja, maana aliahidiwa ataitwa “mambo yakitengemaa.” Alingoja kwa adabu, kama tulivyofundishwa kungoja. Alipokuja kwetu mwaka wa nne ulikuwa umeanza. Hakuwa na barua, na simu iliyokuwa na ujumbe wa malipo yake alikuwa ameiuza. Tulimsaidia unga na nauli. Haki yake hatukuweza kumsaidia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliitumia methali hiyo kwa habari ya duka na ng'ombe. Twaona imefika wakati tuitumie kwa habari ya jasho.

Kwa hiyo halmashauri yaleta mbele yenu mashauri matatu.

La kwanza, chama kiwe na Daftari la Kazi. Kila mwanachama, au mtoto wa mwanachama, aanzapo kazi aje aandikishe: jina la mwajiri, jina la aliyemchukua, mahali, siku ya kuanza, na mshahara waliopatana. Katibu atatia tarehe, na mwenye habari atatia sahihi au kidole gumba. Siku ya kuachishwa aje tena, ndani ya juma moja. Daftari hili halitashinda shauri peke yake, lakini litampa wakili mahali pa kuanzia, na litamkumbusha katibu kuhesabu miezi.

La pili, kila mmoja atunze yale aliyo nayo. Ujumbe wa malipo katika simu ni ushahidi, usiufute. Karatasi ya malipo, barua ya onyo, kadi ya siku za kazi, taarifa ya michango ya NSSF, vyote vina thamani. Asiyejua kusoma amletee mwanawe au katibu.

La tatu, katika fungu letu la karo, tukipata kijana aliyepita vizuri na mwenye nia ya kusoma sheria, tusimkatishe tamaa kwa kusema mawakili ni wa watu wa mijini. Sheria haimruhusu wakili kupatana na mteja kwamba atalipwa tu iwapo atashinda. Basi maskini huogopa kuingia ofisini, na hata yule mwenye shauri jema hukaa nyumbani. Wakili aliyezaliwa miongoni mwetu, anayejua mshahara wa siku wa kukata mkonge na wa kumwagilia migomba, atajua pia namna ya kumpunguzia mtu wa namna hiyo gharama, au kumwonyesha njia ya msaada wa kisheria iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016.

Najua, na wenzangu wa halmashauri wajua, kwamba wako wazee watakaouliza: Je, daftari hili halitatugombanisha na majirani? Swali ni la haki, na jibu letu ni wazi. Waajiri wa Mahoo si wageni wenye mashamba makubwa tu. Wengi wetu tulioketi hapa ni waajiri. Tuna vijana wa kutupalilia migomba na kufungulia maji ya mfereji, tuna wasichana majumbani, tuna wauzaji katika vibanda vya soko la Taveta. Sheria iliyosemwa hapa yatushika na sisi. Msichana wa kazi aliyekaa nyumbani kwako miaka miwili ana haki ya likizo na notisi kama mtu wa kiwanda. Akija kuandikisha jina lako katika daftari, usimwone adui. Ukimlipa sawasawa, daftari lile litakuwa shahidi wako pia, maana mwajiri mwaminifu hulindwa na maandishi kama mfanyakazi mwaminifu.

Hatutaki chama hiki kiwe mahali pa kuchochea mashauri. Mambo mengi yaweza kumalizwa kwa kuitana na kusemezana mbele ya wazee, na wakili mwema ndiye wa kwanza kushauri hivyo. Lakini mazungumzo ya amani huwa mazuri zaidi pale ambapo pande zote mbili zajua siku zilizofanyiwa kazi na fedha zilizopatanwa. Asiye na hesabu huomba; mwenye hesabu huzungumza.

Baba zetu walichukua kipande kilichoandikwa na mkono wa mwingine. Sisi tumepewa kalamu, sheria na mahakama. Twawaomba mkubali mashauri haya matatu kwa kupiga kura, ili katibu aweze kununua daftari kabla ya mwisho wa mwezi huu, na jina la kwanza liandikwe ndani yake.